Injini Isiyowahi Kufunguliwa

Siku Happyness alipotangaza kwamba ataishusha injini ya gari aina ya Fairmont la marehemu baba yake, aifungue, aifufue na kuirudisha mahali pake kabla ya jiwe la kaburi kufunuliwa, kaka yake Samwel alicheka mpaka akalazimika kuweka kikombe cha chai chini. Tumpe haki yake, alikuwa na sababu. Dada yake alikuwa fundi cherehani mwenye duka la mlango mmoja barabara kuu ya Kensington, na mashine kubwa kuliko zote alizowahi kufungua ilikuwa ile ya kushona pindo.

"Injini ni nguo tu," Happyness alimwambia. "Ina vipande, ina vipimo, na kila kipande kina mwenzake. Mimi nawashonea magauni wasichana wasiotulia hata dakika moja wakipimwa. Chuma angalau hakisogei."

"Eish! Hakisogei, lakini kinakata kidole."

"Basi wewe utashika tochi."

Ndivyo alivyokuwa Happyness. Akishasema jambo, kwake limekwisha, kilichobaki ni kulitenda. Wengine huita kiburi. Mimi naona ni afadhali huyo kuliko wale wanaouliza ruhusa ya kupiga chafya.

Baba yao, Lungile Radebe, alirudi kutoka uhamishoni mwaka tisini na moja akiwa na mke wa Kitanzania, Perpetua wa Morogoro, na Samwel mgongoni. Happyness alizaliwa hapahapa Johannesburg. Miaka michache baadaye Lungile alinunua ile Fairmont, gari la zamani la silinda nane, pana kama kitanda cha wageni, lenye mngurumo uliowafanya majirani wajue kwamba Mzee Radebe amefika kwenye robot, taa za barabarani za mtaa wa pili. Kila Jumapili baada ya ibada alifungua boneti, akawakusanya ndugu zake, akasema maneno yaleyale: "Injini hii haijawahi kufunguliwa tangu itoke kiwandani." Alilisema hilo kwa miaka zaidi ya ishirini, hata gari lilipoanza kutoa moshi wa bluu, hata lilipogoma kabisa na kufunikwa turubai kwenye banda la uani.

Kisha akafa. Na katika ukoo wa Radebe, mtu akishatimiza mwaka kaburini, jiwe lake hufunuliwa, mjane huvua nguo nyeusi, na vitu vya marehemu huoshwa na kugawanywa. Kikao cha kupanga mambo hayo kiliongozwa na baba mdogo Vuyani, ambaye naye aliwahi kukaa Morogoro miaka minne, akarudi na Kiswahili cha kununulia nyanya.

"Gari hii," alisema, "siku ya jiwe itoke hapa kwa nguvu yake, iende mbele yetu mpaka makaburini. Ikishindwa, itatoka juu ya lori. Mimi iko mtu Boksburg anaitaka. Gari haitembei ni chuma tu."

Mama Perpetua alikaa na nguo zake nyeusi, akikunja ukingo wa kitambaa cha meza, akiukunjua, akiukunja tena. Happyness aliuona mkono ule na hasira ikampanda. Maana kila Jumamosi, hata baada ya gari kufa, mama alikwenda bandani na kitambaa chenye maji, akaliondoa turubai, akalifuta gari lote kuanzia taa za mbele. Likichukuliwa, Jumamosi atafuta nini? Hapo ndipo Happyness alipotangaza, na Samwel akacheka.

Walikuwa na miezi sita. Samwel, mlinzi wa zamu ya usiku kwenye maduka ya Bedfordview, alikuwa huru asubuhi, na licha ya kicheko chake alikuwa na mabega. Mnyororo wa kunyanyulia injini waliazimwa na Ruphin, Mkongo wa Lubumbashi mwenye kiwanda kidogo cha kukereza vyuma kule Rosettenville. Injini ikatoka, ikakaa juu ya magogo mawili, nyeusi kwa miaka ya mafuta yaliyogandia.

Na hapo Happyness akaonyesha ufundi wake. Kila boliti iliyotoka aliitia kwenye kifuko cha kitambaa alichokishona mwenyewe, kikatariziwa jina la mahali ilipotoka. Karatasi ya gasketi, ile ya kuzibia maungio ya injini, aliitandaza mezani kama anavyotandaza satini, akafuata umbo kwa kalamu, akakata kwa mkasi wake mzuri ambao hata mama haruhusiwi kuugusa. Ruphin alipopita kukagua, aliiinua moja kwenye mwanga na kuigeuzageuza.

"Ni weye ulikata hii? Iko muzuri kushinda ile wanauzisha magazini!"

Kisha akawa mkali. Akamwonyesha zile konrodi nane, mikono ya chuma inayounganisha pistoni na krenki, ule mhimili unaozunguka, kila mmoja na kifuniko chake chini kinachofungwa kwa boliti mbili. "Hizi ziko mapasa, ndugu ya tumbo moya. Kila moya na yake. Ukizichanganya, krenki itakamata, haitazunguka. Weka alama."

Happyness akaweka alama. Na alama ya fundi cherehani ni nini? Ni chaki. Akaandika kwa chaki nyeupe, moja mpaka nane, kwenye konrodi na kwenye kifuniko chake, akavitenganisha, akavipanga kwenye sinia. Kesho yake yeye na Samwel wakapeleka krenki na bloku, mwili wenyewe wa injini, Rosettenville kukerezwa, na kwa siku tatu alishinda huko akiangalia chuma kikimenywa.

Aliporudi alikuta uani kumetandikwa khanga juani. Juu yake, upande mmoja, konrodi nane. Upande wa pili, vifuniko vinane. Vyote vinang'aa kama vijiko vya harusi.

"Mama!"

"Vitu vya marehemu havigawanywi vichafu," alisema Mama Perpetua, akijifuta mikono. "Nimeviosha kwa mafuta ya taa, nikavirudia kwa sabuni, nikavisugua kwa stilwulu. Vilikuwa na masizi mpaka aibu."

"Na chaki yangu?"

"Chaki ni ya kitambaa, Happy."

Happyness alifoka. Alisema maneno ambayo binti wa miaka thelathini na moja hatakiwi kumwambia mama yake aliyevaa nguo nyeusi: kwamba ameua gari, kwamba angekaa na sabuni yake jikoni, kwamba sasa baba mdogo Vuyani alete tu lori lake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akafungua mdomo kama anayetaka kujibu, akaufunga, akaingia ndani.

Kwa siku mbili Happyness alibahatisha. Aliilaza krenki kwenye bloku, akafunga konrodi moja na kifuniko kimoja, akazungusha. Ikakwama. Akabadili kifuniko, akakaza, akazungusha. Ikakwama. Mara nyingine ilizunguka nusu akaanza kushangilia, kisha ikakamata, naye akatupa spana ikagonga bati. Samwel aliacha utani wote. Aliona dada yake anaogopa, na hakuwahi kumwona hivyo tangu utotoni. Miezi mitano ilikuwa imekwenda kwa kufungua na kusubiri vipuri, na jiwe lilibakiza wiki tatu.

Siku ya tatu asubuhi Mama Perpetua aliingia bandani amevaa miwani yake ya kusomea.

"Nisamehe mama," Happyness alisema upesi, kwa sababu neno hilo alikuwa amelibeba kwa siku mbili. "Nilikukosea."

"Ulinikosea. Nimekusamehe tangu juzi. Nipe hicho chuma."

Alikigeuza ubavu, akakielekeza kwenye mwanga wa mlango, akaweka ukucha. "Hesabu."

Happyness akainama. Pale palipokuwa na masizi ya miaka yote hiyo, kwenye chuma kitupu, palikuwa na vitone vidogo vilivyotobolewa, vinne, vimepangwa mstari mmoja kama mshono wa mkono. Akachukua kingine, vitone viwili. Akakimbilia vifuniko, akavipindua kimoja kimoja. Navyo vilikuwa na vyao. Mapacha wote walikuwa wameandikwa.

"Nani alitoboa?"

"Mimi. Kwa msumari wa zege na nyundo ya baba yako."

Samwel alikaa juu ya gurudumu. Mama naye akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi.

"Baba yenu aliwaambia ndugu zake kwamba uhamishoni alisomea ufundi wa magari. Uongo. Alisomea kupanga mafaili. Gari likaanza kugonga mwaka tisini na nane, akaona haya kulipeleka gereji, wangecheka. Mimi baba yangu alikuwa fundi baiskeli Morogoro. Nimekulia kwenye grisi. Nikamwambia, funga mlango wa banda, tulifungue wenyewe. Miezi mitatu. Yeye anashika taa, mimi nafungua. Likawaka. Akanishika mikono yote miwili, akaniomba nisiseme. Nikamwahidi."

"Na kila Jumapili anafungua boneti anasema…" Happyness alianza.

"Na mimi nimesimama pembeni na sahani za keki." Mama alicheka kidogo, kicheko chenye machozi ndani yake. "Nilikuwa nampenda, Happy. Uongo ule ulikuwa unamfanya awe mrefu. Nilipokuwa nasugua nilijua vitone viko chini. Lakini uliponifokea nikashindwa kusema. Siku mbili nimekaa jikoni nabishana na marehemu."

"Nani kashinda?"

"Kwani nimekuja kufanya nini hapa?"

Happyness alikuwa ameshika kifuniko cha mwisho, akahesabu mara tatu. "Hiki kina tisa. Injini ni ya silinda nane."

"Hicho ni nane. Uliingia hapa una miaka mitano, unalia unataka maandazi, nikapoteza hesabu."

Kuanzia siku hiyo walikuwa mafundi wawili na mabega ya mtu mmoja. Krenki ilizunguka kwa kidole. Mama alikaza kila boliti kwa spana ya kipimo na kumlazimisha binti arudie, kwa kuwa anayekaza mara moja, alisema, hujiamini kupita kiasi. Happyness alirudia, na bado alijiamini kupita kiasi.

Jumamosi ya jiwe ikafika na injini ilikuwa imerudi mahali pake tangu Ijumaa jioni, bado haijawashwa. Ukoo ulijaa uani na mashuka na masufuria. Nje ya geti lilisimama lori la kubebea magari, na baba mdogo Vuyani kwenye suti, mikono nyuma.

Mama Perpetua alitoka ndani akiwa amevua nyeusi. Happyness alikuwa amemshonea gauni la kijani lenye mikunjo kiunoni, na wanawake walipiga vigelegele alipokanyaga uani.

Samwel alikaa kwenye usukani, Happyness akainama ndani ya boneti. Ufunguo ukageuzwa. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikapiga kishindo kupitia kabureta, ikanyamaza. Mtu mmoja alisema "shame", yaani pole, kwa sauti ya msibani. Vuyani alimtazama dereva wa lori.

"Msimwite bado," Happyness alisema bila kuinua kichwa. Alijua kosa liko wapi. Cheche ilikuwa inakuja kabla ya wakati wake. Akalegeza boliti ya chombo kinachogawa cheche, akakizungusha upana wa ukucha.

"Kidogo tena," mama alisema nyuma yake.

"Naona, mama."

"Sasa kaza. Samwel, washa!"

Ikawaka. Haikuwaka kwa adabu. Ilinguruma ikatikisa madirisha ya jikoni, njiwa wakaruka kutoka kwenye bati, na kule mtaa wa pili mbwa wa watu wakaanza kubweka kama zamani. Kisha ikatulia, ikabaki inapumua. Happyness alijikuta analia huku anacheka, mafuta mpaka kwenye viwiko, na hakujali nani anamwona.

Baba mdogo Vuyani alikaribia boneti. Si mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ni sauti yake," alisema. "Sauti ya kaka kabisa. Miaka yote hii, na haijawahi kufunguliwa tangu kiwandani, mpaka huyu msichana wa cherehani."

Uani wote waliitikia kwa vichwa, kama walivyozoea kuitikia kila Jumapili.

"Ilifunguliwa mwaka tisini na nane, Vuyani," alisema Mama Perpetua. "Niliifungua mimi. Kaka yako alishika taa."

Vuyani aligeuka kutoka kwenye boneti.

"Sister Perpetua… kaka alisema…"

"Alisema alichopenda kusema. Nilimwahidi nitanyamaza maisha yake yote. Nimemwongezea mwaka mmoja."

Akamwonyesha Samwel kwa kidole ashuke. Kwa miaka zaidi ya ishirini mama alikuwa amekaa kiti cha kushoto cha gari lile, mkoba magotini. Sasa alizunguka mbele ya taa, akaingia kulia, akasogeza kiti karibu na usukani, akalinyoosha gauni lake la kijani.

"Yule wa Boksburg mwambie hili linatembea, si chuma tu," alimwambia Vuyani. "Panda nyuma. Na mlango huo ufunge polepole, bawaba zake tutazishughulikia wiki ijayo."

Happyness alikaa kushoto. Kiti kilikuwa kimebonyea kwa umbo la mama yake, akazama ndani yake. Samwel akafungua geti, dereva wa lori akarudi nyuma kuwapisha, na mama akapiga honi mara mbili kabla ya kuingia barabarani.