Unyusi wa Kushoto

Jumanne ile Orrin Thayer alipoondoka, mkewe Electa alikuwa anapika sabuni. Mafuta ya nguruwe na maji ya majivu yalikuwa yameanza kushikana ndani ya chungu cha chuma pale uani, na sabuni ikifika hapo haiachwi, hata kama anayeondoka ni mume. Basi aliagwa akiwa na mwiko mrefu mkononi, machozi yakimtoka kwa moshi na kwa mengine. Orrin alimshika bega, akachungulia ndani ya chungu, akasema, "Usiache kukoroga, Electa. Itashika chini." Kisha akapanda gari la maksai pamoja na wanaume wengine wanne, wakaishika njia ya magharibi kufuata dhahabu California.

Ilikuwa Aprili, mwaka 1850. Walikuwa wameoana miezi minne.

Ndiyo maneno aliyomwachia. Miaka iliyofuata Electa aliyageuza kichwani mara nyingi, akitafuta kama kuna jingine lililofichwa ndani yake, asilione.

Nyumba yao ya magogo ilikuwa karibu na mto Nishnabotna, huko Iowa, hatua hamsini tu kutoka njia ya magari. Alibaki na mkwewe Keziah, mama yake Orrin, mjane mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Wiki ya tatu jirani yao Tunis alirudi kutoka Kanesville alikokwenda kununua chumvi, akaleta kikasha. Orrin alikuwa amepigwa picha mjini kabla ya kuvuka mto Missouri.

Kikasha kilikuwa kama kitabu kidogo cha ngozi, na ubavuni kilikuwa na ndoano mbili za shaba. Ukikifungua, upande mmoja ulikuwa mahameli nyekundu, mtupu; upande wa pili alikuwapo Orrin, juu ya bamba la fedha, chini ya kioo.

"Amesema upande mtupu ni wako," Tunis alimwambia. "Siku mpiga picha akipita huku, na wewe uingie."

Picha ya namna ile haitazamwi hivihivi. Ukiishika wima unajiona mwenyewe, macho yako na shingo yako, kama kwenye kioo cha kunyolea. Lazima uiinamishe kidogo, ndipo mtu wako anapojitokeza. Electa aliinamisha, akamwona Orrin na ndevu zake, na unyusi wake uliokatika kati kwa pembe ya ng'ombe alipokuwa mtoto, na koti lake jipya. Akacheka.

"Mama, hebu mtazame mwanao! Kafunga vifungo vya koti kike."

Keziah alikipokea kikasha, akakiinamisha, akakitazama kwa muda mrefu. "Sura ni yake," alisema, akakirudisha.

Barua haikuja kiangazi kile, wala baada ya mavuno. Mwaka wa pili, nyasi zilipoota na magari yakaanza kupita, Keziah alichukua kiti akaenda kukaa kando ya njia, kikasha magotini. Kila aliyekuwa anarudi kutoka magharibi alimsimamisha. Electa alikuwa anamsikia kutoka shambani.

"Baba, simama kidogo. Umemwona huyu?"

"Bibi, California watu wote wana ndevu hivyo. Hata wanawake."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama, mama yangu. Sikumwona. Una siagi?"

Siagi walipewa. Mtindi walipewa. Wakaenda zao.

Mwaka 1852 alipita mtu wa Illinois, mwembamba, amepanda nyumbu, hakupata dhahabu hata ya kujaza jino. Huyo alikishika kikasha, akakiinamisha huku na huku, asikirudishe. Electa alimwona kutoka shambani. Akaacha jembe, akaja.

"Nilimzika mtu kama huyu," yule mtu alisema. "Kiangazi cha 1850, kipindupindu. Siku mbili mbele ya ngome ya Kearny, kando ya mto Platte. Tulimkuta chini ya mti peke yake, wenzake wamemwacha. Kusema hawezi. Jioni akafa."

"Hakutaja jina?" Electa aliuliza.

"Hakutaja kitu. Tulimzika katikati ya njia, tukapitisha magari juu yake, ili mbwa mwitu wasimnuse. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Alikuwa mrefu, ndevu hizihizi. Na unyusi umekatika hivihivi, tena kati." Alikiinamisha tena kikasha. "Ila wa kwangu ulikuwa wa kushoto. Naukumbuka, maana nilimfumba macho mwenyewe. Huyu wenu ni wa kulia."

Electa alimtazama mkwewe. Keziah alinyoosha mkono wake mkubwa, akakichukua kikasha na kukifunga.

"Basi siye," alisema.

Electa alijaribu kumkumbuka Orrin mwenyewe, yule wa miezi minne, alivyokuwa akikaa mbele yake mezani. Kilichokuja ni picha. Alikuwa ameitazama kila Jumapili kwa miaka miwili, na sura ya kwenye bamba ilikuwa imeifukuza ile nyingine bila yeye kujua. Unyusi wa kulia. Basi siye. Aliingia ndani, akampa mtu wa Illinois mkate wa mahindi na nyama ya chumvi, akamshukuru kama mtu aliyemwokoa na moto.

Baada ya hapo miaka ikawa kazi tu. Walipanda mahindi, walivuna mahindi. Maksai mmoja alikufa, ukuta wa kaskazini ukaoza, Tunis akaja kuwabadilishia magogo. Tunis alikuwa mjane mwenye watoto wawili wadogo, mtu wa polepole, anayeongea na ng'ombe kuliko na watu. Machi ya 1853 alimuuliza Electa kama angekubali kuolewa naye. Electa alimjibu kuwa ana mume. Machi ya mwaka uliofuata alirudi, amevaa kofia safi.

"Nakuuliza tena ili nisije nikajilaumu," alisema.

"Mume wangu hajafa, Tunis."

"Sijasema kafa. Nimesema mimi nipo hapa."

"Nimekusikia."

"Haya." Akaivaa kofia. "Jumatatu nitakuja kuangalia lile zizi." Jumatatu akaja, akalitengeneza. Mwaka 1855 alimuoa mwanamke kutoka Glenwood, na Electa aliwaokea keki ya harusi.

Mwaka 1856, mwezi wa Septemba, mpiga picha alifika. Aliitwa Lysander Coe, mtu mfupi, vidole vimebadilika rangi kwa dawa zake, na gari lake alilitoboa dirisha darini ili mwanga uingie. Aliegesha karibu na kinu, watu wakapanga foleni na watoto wao waliosuguliwa masikio. Electa alikwenda na kikasha chake. Hamu haikuwepo tena, miaka sita ilikuwa imeimaliza. Alikwenda kwa sababu upande ule mtupu ulikuwa wake, na kitu alichoachiwa mtu hutimizwa.

Coe alimkalisha kitini, akamwekea kisogoni kishikio cha chuma ili kichwa kisitikisike.

"Usicheke, bibie. Kicheko hakikai, kinageuka ukungu."

"Sina cha kuchekea."

"Basi wewe ndiye mteja ninayemtaka. Mama aliyetoka hapa sasa hivi alikuwa anamchekea mbuzi mlangoni." Akaona kikasha kilichofunguliwa magotini, sauti yake ikashuka. "Pole kwa msiba."

"Msiba gani?"

"Nisamehe. Wanaopigwa picha na kikasha mkononi huwa wamefiwa."

"Huyu hajafa. Yuko safarini."

"Ana muda gani?"

"Miaka sita."

Coe alikwenda kufuta kioo cha mtambo wake kwa kitambaa, ingawa kilikuwa safi. Aliporudi alitazama mikono ya Electa.

"Hamisha pete, bibie. Itie mkono wa kulia."

"Kwa nini? Pete ya ndoa inakaa kushoto."

"Ndiyo, na kwenye picha itakaa kushoto. Bamba linageuza, kama kioo. Ukiivaa kushoto, itatoka kulia, halafu utaniletea ugomvi. Kuna mzee alitaka kunipiga mwaka jana, anasema nimemfanya mlemavu wa mkono mwingine." Alichungulia kikasha, akacheka kidogo. "Huyu bwana wako naye hakuambiwa. Tazama vifungo, kama koti la kike. Hakukosea yeye, bamba ndilo lililogeuza."

Electa alikuwa ameivua pete. Ilikuwa katikati ya vidole, haijaingia popote.

"Na unyusi?" aliuliza.

"Unyusi gani?"

"Huu uliokatika. Hapa ni wa kulia."

"Basi yeye mwenyewe ni wa kushoto. Kila kitu, bibie. Kulia kushoto, kushoto kulia." Alikuwa ameshaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi. "Tayari? Nitahesabu mpaka kumi na tano. Pumua taratibu."

Akahesabu. Electa alikaa. Chuma kilimshika kisogo. Alisikia moja, mbili, tatu, na watoto nje wakigombana, na kati ya namba alimsikia mtu wa Illinois akisema *nilimfumba macho mwenyewe*. Alifikiri juu ya magari. Tangu mwaka ule yalikuwa yamepita mlangoni pake mamia na mamia, akawapa siagi na mtindi, akawaombea safari njema, na yote yalikuwa yanakwenda kupita juu yake.

Coe alipotoka na bamba lililokwisha kuoshwa, aliliinua kwenye mwanga, akatikisa kichwa kwa furaha ya fundi. "Sijawahi kupata mtu aliyetulia hivi," alisema. "Hata kope moja haikutikisika."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Keziah alikuwa barazani akipukuchua maharage, maganda yamemfunika mpaka magotini.

"Umetoka vizuri?" aliuliza.

"Mama, unyusi wa Orrin ulikatika upande gani?"

Mikono ya Keziah iliendelea kidogo na maharage, kisha ikasimama.

"Kushoto," alisema.

"Unajua toka lini?"

"Mimi ndiye niliyemshona, Electa. Alikuwa na miaka tisa, nilimshona kwa uzi wa hariri, kichwa chake kwenye mapaja yangu, anapiga kelele. Na koti lile nililishona mimi. Kikasha kilipofika tu niliona kimegeuza."

"Na yule mtu wa Illinois aliposema..."

"Nilijua kabla hajamaliza."

Electa alikaa chini kwenye ngazi. Hakuwa na hasira ya kumtosha. Alitafuta hasira kama mtu anayetafuta kuni mwisho wa baridi, akapata vijiti.

"Tunis aliniuliza mara mbili, Mama."

"Najua. Nilikuwa nyuma ya mlango."

"Na ukanyamaza."

"Ningekuambia, ungekwenda. Ningebaki na nani? Na ningelisema kwa mdomo wangu, lingekuwa kweli." Keziah alifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na kitu. "Sikuombi unisamehe. Mimi nimezeeka, sina pa kuiweka samahani."

Kuku walikuja kudonoa maharage yaliyoanguka, hakuna aliyewafukuza.

"Kila masika unakwenda kukaa njiani," Electa alisema mwishowe. "Kama ulijua, ulikuwa unawauliza nini?"

"Nilikuwa nangoja mmoja aniambie kamwona mzima. Mmoja tu. Hata akiwa mwongo, ningemwamini yeye."

Electa alichukua bakuli lingine, akaanza kupukuchua. Maharage yalikuwa mengi, na mvua ilikuwa inakuja.

Kikasha sasa kimejaa pande zote mbili. Orrin yuko kulia, mkewe kushoto, na ukikifunga wanatazamana. Kiko juu ya rafu, nyuma ya kopo la chumvi. Aprili imefika tena, sabuni imepikwa, na magari ya kwanza yalipita jana. Keziah hakutoka, alibaki ndani akimenya viazi. Electa ndiye aliyekwenda njiani na ndoo ya mtindi. Aliwaambia wenye magari kwamba wakifika siku mbili mbele ya ngome ya Kearny, waendeshe pembeni kidogo, wasipite katikati. Wengine waliuliza kwa nini, akawaambia. Mmoja alivua kofia. Mwingine alisema watajitahidi, ila njia pale ni moja.