Minyaa ya Bustani Si Mbono

Ninyi mnaopeleka watoto kwenye bustani yetu ya hapa Biharamulo mjini, someni haya kabla ya Jumapili.

Bustani ni ndogo: viti vya saruji, pembea moja, bomba. Zamani palikuwa uwanja wa kushushia chakula cha wakimbizi. Wazee wetu waliotoka Burundi waliuzungushia minyaa, maana mbuzi hawaigusi. Malori yaliondoka, wigo ukabaki, wa kijani hata kiangazi. Lakini ukiuvunja unatoa maziwa, na maziwa yale ni moto.

Binti yangu Iradukunda huenda likizo kwa bibi yake, kijijini Mabawe. Kule wigo ni wa mbono, ambao utomvu wake hauunguzi kama wa mnyaa. Watoto huvunja kikonyo, utomvu unatanda kwenye kitanzi cha jani, wanapuliza mapovu. Jumapili moja hapa bustanini alitaka kumfundisha rafiki yake Zulfa mchezo huo. Akavunja mnyaa, akapuliza. Matone yakamrukia machoni.

Nilimkuta anasugua. Nikamshika mikono yote miwili.

Mama Restuta, anayeuza karanga getini, akasema, "Mwiteni Yuster, ananyonyesha. Amkamulie maziwa machoni, ndivyo tulivyotibiwa sisi."

"Mama, mimi nataka maji ya kawaida, mengi."

"Umezaliwa lini hata ukanishinda kujua?"

Nikakimbilia bombani. Bomba lilikuwa na kufuli ili kuwazuia wale wanaooshea pikipiki pale, na Bukuru, mlinzi, alikuwa ameondoka na ufunguo kwenda kula. Nikambeba mtoto, nikavuka barabara hadi dukani kwa Saidi, baba yake Zulfa. Barazani palikuwa na ndoo na birika, maji ya udhu wa alasiri. Wanaume walikwisha kukunja mikono ya kanzu.

"Shemeji, nayachukua yote."

Saidi akawatazama wenzake. Mkewe Mwatumu akamwahi: "Unawatazama hao wana macho gani ya kukupa? Inamisha birika. Swala ina nafasi ya kukawia kidogo, jicho halina."

Saidi akamimina, mimi nikafunua kope kwa vidole. Iradukunda alinipiga mateke, akaniita mama mbaya. Tulimaliza maji yote, Mwatumu akaleta mengine ya kupikia. Kisha Saidi akatupakia kwenye pikipiki yake hadi hospitali.

Daktari alisema maji yameokoa, ila tusubiri. Akamfunga bandeji machoni kwa siku kadhaa. Siku hizo nilimlisha ugali kwa mkono wangu, na kila tonge nililitia kinywani nikijiuliza kama ataniona tena.

Alipofunguliwa, akapepesa, akatazama mlangoni. "Namwona Zulfa," akasema. "Anatafuna muwa wangu."

Basi sikilizeni. Wafundisheni watoto mnyaa na mbono kwa kuwaonyesha, si kwa maneno tu. Akipatwa, asisugue. Maji mengi, halafu hospitali. Mama Restuta amenuna na anune, tutapatana. Bukuru nimeongea naye mwenyewe, bomba halifungwi tena mchana.