Barua Mbili za Wodi ya Macho

Mama Seva hakuwa na mtoto. Jina hilo alipewa na wauguzi, maana seva, mashine ya barua pepe ya hospitali, aliilea kama mwanawe, na ole wake aliyeingia chumba kile na kikombe cha chai. Kazi alikuwa anaijua, tena alijua kwamba anaijua.

Saa nne na nusu asubuhi daktari wa macho alimjia mwenyewe. Hospitali kubwa ya rufaa ilibakiza nafasi moja ya upasuaji siku ile, na angepewa yule ambaye barua yake rasmi ingetangulia kufika kabla ya saa sita. Sasa barua haziendi. Na mgonjwa aliyekuwa akimhangaikia ni shangazi yake Mama Seva, mshonaji, aliyemlea tangu ana miaka sita. Utando wa ndani ya jicho lake la kulia ulikuwa unabanduka, na kila siku ya kungoja ilimpunguzia nuru. Nafasi nyingine ingepatikana baada ya siku nne.

"Nipe nusu saa," alimwambia daktari, akavuta kiti.

Barua za kwingine zilikuwa zinakwenda vizuri tu. Zilizokwama ni za hospitali ile. Sasa, mashine hizi hazitafutani kwa majina, zinatafutana kwa namba. Seva ikipewa jina huuliza kwanza mtandaoni namba yake ni ipi, ndipo ipeleke mzigo. Mama Seva akaamua tatizo liko kwenye kuuliza majina, na hapo hakukosea. Alipokosea ni kwenye kutafuta mchawi. Aliwapigia simu watu wa intaneti akawapa vidonge vyao. Fundi wa huko alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa upole kwamba hospitali ile ilibadilisha namba jana asubuhi, kwao jina linaleta namba mpya bila shida, labda aitazame seva yake.

Aitazame seva yake! Alikata simu akicheka kwa hasira. Akajaribu jina lile kwenye kompyuta ya mezani, ikaja namba mpya. Akajaribu kwenye seva, ikaja ya zamani. Kicheko kikamkauka. Kumbe seva haikuwa inamuuliza mtu yeyote. Jibu ilikuwa nalo humo humo ndani. Akafungua faili dogo ambamo fundi huandika majina kwa mkono siku mtandao ukiyumba. Mlikuwa na mstari mmoja: jina la hospitali ile, namba ya zamani, na maneno ya miaka mitatu iliyopita, "Ya muda, nitaifuta kesho." Mwishoni, herufi za jina lake mwenyewe.

Nyani haoni kundule. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, akaufuta mstari. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Kabla ya kuziachia barua akatazama foleni, akakuta ziko mbili. Ya nyuma ni ya shangazi. Ya mbele ilimwombea upasuaji mwashi wa wodi hiyo hiyo ya macho, aliyerukiwa na kipande cha jiwe jichoni. Aliiandika daktari wa zamu ya jana, ambaye leo hayupo, na kila mtu alidhani ilishafika.

Kwa kidole kimoja angeweza kuitanguliza ya shangazi, na hakuna ambaye angejua. Alikaa anaikodolea macho skrini, akimchukia mwashi ambaye hata sura yake haijui. Lakini bila mstari ule, mwashi angekuwa na kitanda tangu jana. Akaziachia kwa zamu yake, ya jana kwanza.

Majibu yalikuja baada ya dakika kumi. Mwashi leo, shangazi baada ya siku nne.

Hakumtuma muuguzi, alienda mwenyewe. Shangazi alikuwa benchini, bendeji jichoni, mkoba tayari mapajani. Mama Seva akamweleza yote bila kujitetea: mstari, herufi zake, foleni.

Shangazi akauweka mkoba chini.

"Ungeweza kunipitisha mbele?"

"Ningeweza, shangazi."

"Nimlaumu nani," shangazi akasema, "na mlezi wako ni mimi?" Kisha akageukia ukutani, akalia.