Msiba Uliongoja Mtihani

Kitendawili, wewe unayenisikiliza! Ni chako mwenyewe, jirani wanacho, muuza samaki anacho, hata mpita njia anacho. Wewe peke yako huna. Usihangaike kunipa mji, nitakitegua mwenyewe: ni habari ya msiba wako.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Warda, binti wa Miburani, huku kisiwani. Alikuwa bara, chuo kikuu, akisomea uzamili wa saikolojia ya tiba na ushauri nasaha, mama yake Zubeda alipofariki asubuhi na kuzikwa alasiri. Mjomba wake Hafidhi akakata shauri: mtoto asiambiwe mpaka amalize mitihani, asije akachanganyikiwa. Bibi Bimkubwa, mama wa marehemu, akaitikia, naye ndiye aliyemwosha maiti. Huku kwetu wengi hufanya hivyo, wala hawaoni ubaya.

Katika karatasi ya mwisho Warda aliulizwa namna ya kumsaidia mfiwa. Akajaza kurasa. Wakati huo hitima ya mama yake ilikwisha kusomwa.

Aliambiwa aliposhuka boti Kilindoni. Hakupiga yowe. Alifika nyumbani, akawaamkia wakubwa, akaingia jikoni kuosha vyombo. Chakula alikula, asijue kama kina chumvi. Wanawake waliokuja kumpa pole, yeye ndiye aliyewafariji, kwa sauti ile ya taratibu aliyofundishwa: "Lia tu, shangazi, usijizuie."

"Makubwa haya!" akasema jirani Nasma. "Kasomea vilio vya watu, chake kakisahau chuoni!"

Siku moja bibi akaketi naye wakichambua mchele.

"Mjukuu wangu, una hasira nasi?"

"Mlikuwa na nia njema, bibi."

"Nia sijaiuliza."

Warda akaokota kijiwe ndani ya ungo, akakitupa, akaendelea na mchele.

Mwalimu wake wa chuoni, aliyekwisha kusikia habari zake, akapiga simu. Mafunzo ya vitendo hospitalini yanakaribia, lakini hawezi kumruhusu aketi na wagonjwa akiwa hivyo. "Mpaka useme la kwako, Warda, hata kwa mtu mmoja. La sivyo utangoja mwakani."

"Sawa, mwalimu." Akajitafuta ndani, asipate kitu. Alikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi: unaugusa, si wako.

Matokeo yakatoka. Hafidhi akayasoma kwenye simu, akacheka kwa furaha. "A! Somo la wafiwa, A! Mmeona? Tungemwambia, angeipata hii? Hongera, mwanangu. Hatukukosea."

Warda alikuwa ameshika kata ya maji. Kata ikainama, maji yakamwagika miguuni, yalikuwa ya baridi. Akaiweka kata chini. Akampita mjomba bila kumtazama, akaenda kuchuchumaa mbele ya bibi.

"Bibi, uliniuliza."

"Nilikuuliza, mwanangu."

"Ninayo hasira. Nyingi. Na wewe zaidi kuliko mjomba. Mngeningoja, mama ningemwosha mimi."