Nyasi za Jana

Ravna alimwona mumewe akizitoa nyasi za jana kwenye viatu vyake vya manyoya, akazikung'uta, kisha akazirudisha zile zile. Zilikuwa zimenyonya jasho la siku nzima. Fungu la nyasi kavu lilining'inia juu ya moto wa hema, mahali pake pa siku zote. Tangu waoane, kila asubuhi Ravna ndiye aliyezichambua, akazilainisha kwa viganja na kuvijaza viatu vya wote wawili ili miguu isigande.

Leo vya Juvva hakuvigusa. Juzi Juvva alimchinja kulungu mweupe wa kufugwa ambaye Ravna aliachiwa na marehemu mama yake, wala hakuuliza.

"Kumbe mgomo umefika hadi miguuni," Juvva alisema.

"Una mikono, bwana. Tena mikono hodari ya kuchinja."

"Haya, bibie. Baki na nyasi zako."

Ravna alifungua mdomo amwambie zile zina unyevu. Akaufunga.

Nje, kundi lao la kulungu lilikuwa limeshika njia ya kaskazini, likielekea upepo unakotoka. Wakavaa skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, wakalifuata. Upepo ulichoma macho, ukaingia hadi kwenye mishono ya nguo. Kila waliposimama walitazamana usoni, kwa kuwa mtu haoni shavu lake likigeuka jeupe kwa kuganda. Hilo walilifanya hata wakiwa wamenuniana.

"Shavu la kushoto," Ravna alisema.

Juvva akalifunika kwa kiganja. "Wewe una ndita tu. Hizo baridi haihusiki nazo."

Adhuhuri wakafanikiwa kuligeuza kundi.

"Miguu inasemaje?" Ravna aliuliza.

"Iliuma mpaka kule mlimani. Sasa imenyamaza. Afadhali."

Ravna alijua kuwa miguu iliyoganda ndiyo huacha kuuma. Akamketisha nyuma ya jabali, akafungua kiatu cha kulia. Nyasi zilitoka kama bonge moja la barafu. Vidole vilikuwa vyeupe, vigumu kama nta.

"Vipashe moto tumboni mwako," Juvva alisema.

"Hapana. Vikiyeyuka hapa vitaganda tena njiani, halafu utapoteza mguu mzima." Akavua viatu vyake, akatoa nusu ya nyasi zake kavu, akavijaza vya mumewe. "Simama. Twende."

"Asubuhi uliniona?"

"Nilikuona."

Juvva akainuka, wakateleza hadi hemani. Huko Ravna alimtia miguu katika maji ya uvuguvugu, bila kuisugua, na Juvva akauma mkanda wa ngozi hadi meno yakauacha na alama. Baada ya wiki kadhaa daktari alikata vidole vyote vya mguu wa kulia.

Majira ya baridi yaliyofuata, Juvva alimsogezea viatu. Ravna akachambua nyasi, akajaza kisiginoni, akajaza ubavuni. Kisha akasokota kitita kimoja kinene, akakisukuma hadi kwenye ncha ya kiatu cha kulia, ambako mguu haufiki tena.