Panzi wa Pedro

Tarehe tisa Oktoba mwaka 1576, asubuhi, umande ulikuwa umeganda juu ya mikonge na ukungu umefunika ukuta wa kanisa ambao ulikuwa bado unajengwa. Magdalena Teyacapan alifika uani pa kanisa kuomba marehemu mumewe, Pedro, aondolewe katika zamu ya kubeba mawe. La sivyo, zamu ile ingemwangukia mwanawe Mateo, aliyenusurika na tauni lakini bado anakohoa damu.

Mchoraji Tomás alikunjua karatasi ya gome la mti yenye orodha ya wabebaji. Tangu watu wabatizwe, akina Pedro walikuwa wengi kijijini, kwa hiyo kila kichwa kilichochorwa kiliunganishwa kwa mstari mwembamba na mdudu au mnyama wa jina lake la zamani. Tauni ilikuwa imepita pale pia. Siafu alilala chali, mjusi chali, buibui amekunja miguu. Panzi wa Pedro alikuwa anatafuna ukingo wa karatasi.

"Pedro nilishamfumba macho," Tomás alisema. "Panzi nikamchora amelala. Kesho yake nikamkuta ameamka."

Magdalena aliinama. "Pedro, lala basi, baba Mateo. Unamponza mtoto."

Panzi aliacha kutafuna, akamsikiliza, kisha akaruka hadi kona ya pili.

Msimamizi wa ujenzi aliuliza ni maiti gani huyo ambaye jina lake linarukaruka. Akaamua kwamba maadamu panzi hajalala Pedro hafutwi, na Mateo abebe mawe ya baba yake pamoja na yake. Padri alisema atawaombea.

Basi Pedro akaja mwenyewe. Alitokea upande wa makaburini, amejifunga mkeka aliozikwa nao, udongo umemjaa masikioni, akajitwika jiwe. Wabebaji wakampisha. Mmoja akamtania kwamba mapumziko yake yamekuwa mafupi. Alibeba hadi adhuhuri bila kuomba maji. Msimamizi alimtazama, akasema anajikokota mno, na mawe atakayoyabakiza atayamalizia Mateo. Mateo akatema damu pembeni, akajitwika, akamfuata baba yake.

Magdalena alifanya ishara ya msalaba. Akawaita Tomás, padri na msimamizi wasogee wasikie, akasema taratibu:

"Naahidi mbele yenu na mbele ya Mungu: mimi nikifa, sitalala. Nitakuja na kamba yangu ya kubebea, nibebe mawe ya mwanangu."