Fidla Juu ya Chetezo

Bi Thuwaiba aliiogopa ile fidla tangu ilipoingia chumbani mwake, Malindi. Mjukuu wake Muzdalifa, yatima wa darasa la tano, aliazimwa fidla hiyo na skuli ya muziki inayofundisha bure watoto wa wasio na uwezo. Bibi alikubali kwa sababu Mwalimu Nasima alimwambia wazi kwamba asiyefanya mazoezi nyumbani hapati nafasi. Lakini siku ile ile mtoto akaropoka:

"Bibi, mwenyewe keshafariki. Alikuwa mzee mmoja, wanawe wakaitoa sadaka."

Chombo cha maiti. Tena kikipigwa kinalia kama mtu.

Tangu hapo Muzdalifa akawa anaweweseka usingizini, vidole vikitembea juu ya foronya. Bibi akimsomea dua mpaka atulie. Kuirudisha hakuthubutu, mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameanza kucheka tangu mama yake afe.

Jumamosi ya mtihani wa kuchagua watakaoendelea, Muzdalifa alipokwenda chuoni kusoma Kurani, bibi akafanya analolijua. Akatia ubani kwenye chetezo chenye makaa ya moto, akakifunika kwa kitenga cha kufukizia nguo, akailaza fidla juu yake na kuigubika kanga moshi usitoke. Akasoma Ayatul Kursiyyu, akarudia, akarudia, mpaka jasho likamtoka.

Ndani ya kanga kikalia kitu: tak!

"Alhamdulillahi," akanong'ona. "Kimetoka."

Alipofunua, akakuta uso wa fidla umebanduka ubavuni, umeachama kama mdomo, na gundi imelegea kama halua.

Muzdalifa aliporudi hakulia, na hilo ndilo lililomtisha bibi zaidi.

"Watasema nimeiangusha."

"Ntawambia mimi."

"Usiseme, bibi! Watasema nyumba yetu haifai kuwekwa kitu."

Wakaenda skuli ya muziki baada ya Adhuhuri. Kila aliyemwamkia njiani, Bi Thuwaiba alimdhania anajua.

"Shikamoo, Bi Thuwaiba," Mwalimu Nasima aliwapokea, akafungua kisanduku cha fidla. Kabla hajaona kitu, harufu ikampiga. Akainua uso.

"Nani kaifukiza?"

"Mimi," Muzdalifa akawahi. "Nlitaka inukie."

Bibi aliutazama mkono wa mtoto, mkono ule ule utakaoshika uta wa fidla sasa hivi. Akisema, huenda akamtoa mjukuu wake skuli. Akinyamaza, mtoto amebeba uwongo kwa ajili yake. Akashika meza.

"Muongo huyo. Ni mimi, mwalimu. Nliogopa yule marehemu mwenyewe kafuatana nayo."

Mwalimu hakucheka. Alibonyeza ubao kwa kidole, taratibu, huku na huku. Bibi na mjukuu walikitazama kidole kile kama watu wanaosubiri hukumu.

"Ingekaa motoni kidogo tu zaidi ingepinda. Hii fundi ataigandisha," akasema mwisho. "Lakini nisingeambiwa kweli, nisingemwazima tena mtoto huyu kitu. Muzdalifa, chukua yangu, upige."

Sauti ya mwanzo ilitoka imekwaruza, mtoto akasita. Bi Thuwaiba akataka kuziba masikio. Badala yake akaikamata tasbihi kwa nguvu hata ikamuuma kiganja. Sauti ya pili ikanyooka. Ya tatu ikapanda, ikalia kama mtu, na Muzdalifa akafumba macho, akaenda nayo mpaka mwisho.

"Jumatatu aje," alisema Mwalimu Nasima. "Hiyo ikishatengenea ataichukua. Au nimtafutie nyengine, Bi Thuwaiba? Usione haya."

Bibi alikitazama kisanduku. Vinyweleo vilimsimama.

"Huyo mzee aliitwa nani?"

"Mjaka."

"Mjaka bin nani?"

"Sijui, bibi."

"Mungu anamjua. Ntamsomea Fatiha kila usiku wa Ijumaa. Tupe hiyo hiyo yake."